Kimo cha Punje

Kambini, 11 Februari

Mdogo wangu mwalimu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema hofu ni kwako wewe uliye mbali. Sasa aliye mbali ni mimi, kwa hiyo hofu baki nayo wewe. Mimi nipo. Mgongo unalalamika, macho yanawasha kwa moto wa kuchomelea vyuma, lakini nakula na sahani nairudisha tupu.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji, ambaye sisi tunamwita Posta. Simu hapa kambini ni pambo tu, mlima umeziba kila kitu. Posta anapita kwenu kila akienda kuchukua mzigo. Ukiwa na jibu mpe yeye, na chai umpe, maana asiponyweshwa barua za watu huzisahau chini ya kiti.

Nakuuliza bila kuzunguka: binti yangu Punje anasemaje? Tangu nilipoandika kwamba likizo yangu imeahirishwa tena, sijaona mstari wake hata mmoja. Zamani alikuwa akinichorea paka kwenye kona ya barua yako. Sasa hata paka hakuna. Najua ana hasira, na hasira yake ni ya haki. Lakini msimamizi wetu hujamwona. Nilimwendea na begi mkononi, nikamwambia, "Mzee, zamu yangu ya kwenda nyumbani imefika." Akanitazama kama mtu aliyeombwa figo. "Fundi, ukuta wa bwawa umefika nusu na mvua ziko njiani. Hujui kwamba zege halilali?" Nikasema najua, ila mimi nina mtoto. Akasema, "Kila mtu hapa ana mtoto." Na ni kweli. Nikalirudisha begi chini ya kitanda.

Usimlazimishe. Nataka tu siku moja aniandikie mwenyewe, hata neno moja, hata kama ni la kunigombeza. Mama yake alituacha akiwa hajaota meno, na wewe umemlea kama wako, lakini kama baba bado nina nafasi yangu, au nilikuwa nayo. Mtoto akinyamaza sana anazoea. Akizoea, siku nitakayofika mlangoni nitakuwa mgeni wa kuvutiwa kiti. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kuanguka kwenye jukwaa.

Uliandika kwamba madarasa mapya yameumeza uwanja wenu. Pole. Mwalimu wa michezo bila uwanja ni kama mimi bila moto. Hebu nikuambie sisi tunavyofanya. Hapa nasi kila penye tambarare pamepaki lori. Siku ya mapumziko watu walikuwa wanalala kama magunia, au wanagombania karata. Basi jirani yangu wa kitanda cha juu, fundi wa nondo, akachukua tairi bovu, tukasimamisha bomba la chuma katikati, tukajaza zege. Juu ya bomba tukafunga kamba, na mwisho wa kamba mpira. Wanasimama wawili, mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja anaupiga mpira kwa mkono uende upande wake. Anayeizungusha kamba yote kwenye bomba mpaka mpira uguse chuma ndiye mshindi. Hakuna kudaka, hakuna kushika kamba, hakuna kuvuka mstari. Ungeona wanaume wenye mvi wanavyopigiana kelele! Mpishi alimshinda mpima ardhi, akatembea kifua mbele mpaka wali ukaungua. Na lori likitaka kupita, tunaliinamisha tairi, mmoja anashika bomba kama mpini, linabingirika kwa ukingo wake na njia inakuwa wazi.

Mpira haupotei, hauvunji dirisha, hauhitaji uwanja. Fikiria.

Kaka yako


Nyumbani, 4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Posta nimemnywesha chai, kisha akaomba tena. Sijui kama ni barua anazobeba au ni kiu.

Umenigusa kidonda. Kilichobaki shuleni ni ukanda mwembamba kati ya madarasa na matangi. Asubuhi wanafunzi wanapanga mistari hapo, mchana gari la maji linaingia, jioni walimu wanageuzia magari yao. Kipindi cha michezo ninawasimamisha watoto kila mmoja mahali pake na kuwaambia waruke. Wanaruka hapo hapo kama bisi kwenye sufuria. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza, "Mwalimu, tunaruka kwenda wapi?" Nikapuliza filimbi.

Nilimweleza mwalimu mkuu habari ya tairi lako. Alikuna kidevu, akasema, "Chochote kitakachokaa pale, kiweze kuondoka kabla gari la maji halijapiga honi mara ya pili." Basi tengeneza, kaka. Tengeneza hata kesho.

Kuhusu Punje. Nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza mpaka mwisho huku akifunga kamba za viatu, akauliza, "Ameandika anakuja lini?" Nikasema hajaandika. Akafunga kiatu cha pili. Nikamwambia, "Basi mjibu baba yako." Akasema, "Nitamjibu akiniuliza kitu." Nikamwambia mbona amekuuliza, si nimekusomea hapa? Akachukua mkoba akaenda zake. Yuko darasa la tano sasa, kaka, na watoto wa darasa la tano wana majibu yao ya mkato ambayo hata sisi walimu hatuyaelewi.

Ni mzima. Anakula. Msimamo wake ni wa mama yetu, kwa hiyo unajua kazi tuliyo nayo.

Mdogo wako


Kambini, 24 Machi

Mwalimu,

Kazi imekwisha, na anayeileta ni Posta huyo huyo. Amelalamika kwamba sasa amekuwa lori la michezo.

Sikiliza jinsi kinavyokaa. Tairi ni la gari dogo, si la lori, ili watoto waliweze. Ndani nimejaza zege na katikati nimesimamisha kipande kifupi cha bomba. Kipande kirefu kinaingia ndani ya kile kifupi, kisha unapitisha pini kuvizuia visizunguke. Ukimaliza kipindi, chomoa pini, bomba moja liende huku, tairi libingirike kule, mwalimu mkuu apate njia yake. Ncha zote nimezisugua, hakuna chuma kitakachomkwaruza mtu. Mpira ni wa zamani lakini haupungui upepo. Nimeuvisha wavu wa gunia la vitunguu uliosukwa mara mbili, na kamba imefungwa kwenye wavu. Fundo likilegea walifunge watu wazima, siyo watoto.

Bomba la kambini ni refu, la wanaume wa kuruka. Hili nimelikata kwa ajili ya Punje. Nilisimama wima nikaweka mkono kwenye kifungo cha pili cha shati kutoka chini, pale kichwa chake kilipokuwa kinafika siku ninaondoka, ameishika suruali yangu hataki kuiachia. Nikafikiri atakuwa ameongezeka, nikaongeza vidole viwili. Nikakata. Fundi wa nondo akaniuliza, "Una hakika na kipimo?" Nikamwambia, mimi ni baba yake, nimuulize nani?

Mwambie kuna watu wanaopewa nguo za kushonewa, na yeye amepewa nguzo ya kushonewa. Mwambie imekatwa kwa kimo chake na si cha mtu mwingine. Waambie na wenzake, wasikie. Labda hilo litamfungua mdomo.

Kwenu huko utajua mwenyewe michezo ya kuwachezesha. Mimi niliishia darasa la tano, chaki ulikula wewe.

Kaka yako


Nyumbani, 14 Aprili

Kaka,

Nguzo imefika salama. Mwalimu mkuu mwenyewe alitoka ofisini kuitazama, na gari la maji lilipopiga honi tuliiondoa kabla dereva hajashusha kioo. Alicheka.

Watoto wanaipenda mno. Wanapanga foleni tangu asubuhi. Nimewatungia michezo mingi: kuna siku ya mkono wa kushoto tu, kuna ya wawili kwa wawili, kuna ya kupiga mara moja na kumpisha mwenzako. Anayeshindwa anahesabu kutoka kumi kurudi nyuma, na anayeshinda anataja herufi tano. Kuna mmoja amekuwa bingwa, hana meno ya mbele na hataki kutoka.

Punje ndiye anayesaidia kuitoa stoo na kuirudisha. Anafanya vizuri, bila kuambiwa.

Nimeandika kwa haraka, nina madaftari ya kusahihisha. Salamu nyingi kutoka kwetu sote.

Mdogo wako


Kambini, 5 Mei

Mwalimu wangu,

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa chakula, na kambi nzima ilisikiliza. Mpishi aliomba nirudie pale pa bingwa asiye na meno. Hata msimamizi, mtu ambaye uso wake haujawahi kukunjuka, alisema, "Kumbe mnajua kutengeneza na vitu vya maana." Ameniruhusu kuchukua mabomba yaliyobaki, kwa hiyo nitakutengenezea nguzo nyingine mbili za kimo hicho hicho, kila darasa lisigombane na jingine.

Siku hizi nikiwa juu ya jukwaa nikipumzisha macho, namwona Punje anavyoruka, nywele zikimwangukia usoni, mpira unamjia pale pale penye kimo chake. Mwambie asinyooshe kidole kimoja, atateguka. Apige kwa kiganja.

Ila sijaona neno lake. Hakuna mtu anayepokea zawadi ya baba yake akanyamaza hivi. Au ameandika na Posta ameketi juu yake? Nimempekua, hana kitu.

Kaka yako


Kambini, 26 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina salamu.

Posta amerudi na kuketi nasi mezani. Nikamuuliza kama ameona watoto wakicheza. Akasema, "Nimeona, fundi! Wa chekechea wale wanavyofurahi! Hawazidi hapa," akagonga paja lake. Nikasema na binti yangu je? "Binti yako yupi?" Nikamwambia, yule anayekuletea chai kila unapopeleka barua. Akaacha kutafuna. "Yule mrefu? Yule ndiye Punje? Mimi siku zote nilidhani ni msichana aliyemaliza shule, anamsaidia mwalimu."

Watu wakacheka wakaniambia, fundi umezaa mnara. Na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda kuketi nyuma ya tangi la maji.

Foleni ya tangu asubuhi. Kuhesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Herufi tano. Uliniandikia ukweli wote na hukuniambia lolote. Nakuuliza, na unijibu kama ndugu wa tumbo moja: mwanangu anafika wapi? Na ilikuwaje siku ile nguzo ilipofika?

Nguzo zile mbili nilikuwa nimeshazikata.

Kaka yako


Nyumbani, 16 Juni

Kaka yangu,

Ananifika kwenye nyusi. Mwakani atakuwa ananitazama kutoka juu.

Sasa nakupa yote. Siku nguzo ilipofika nililikusanya darasa lake, nikayasema maneno yako kama ulivyoyaandika: hii imetengenezwa na baba yake, imekatwa kwa kimo chake na si cha mtu mwingine. Mjinga ni mimi, nilisema kabla sijaisimamisha. Punje alikuwa mbele kabisa, na nakuapia alikuwa anatabasamu, amekunja mikono ya sweta tayari. Nikaingiza bomba, nikapitisha pini, nikauachia mpira ukaning'inia. Ukamfika kiunoni.

Akaupiga mara moja, akiwa ameinama. Kamba ikamzunguka yeye badala ya bomba. Rafiki yake mmoja, yule mwenye mdomo, akasema, "Baba yako anadhani bado unanyonya?" Darasa zima likaangua kicheko. Punje hakulia mbele yangu. Alijinasua, akaushika mpira usiendelee kuyumba, akarudi darasani.

Jioni nilitaka kukuandikia. Akasimama mlangoni akaniambia, "Shangazi, usimwambie. Atajisikia vibaya." Basi nikakuandikia habari za chekechea, maana hao kweli walifurahi. Nilidhani nawalinda nyote wawili. Kumbe nimekuacha uendelee kukata mabomba.

Nikuambie na hili ujue jinsi nilivyo gizani. Siku hizi anachelewa kurudi baada ya kuirudisha nguzo stoo, na akija magoti yote mawili yana vumbi na michubuko. Nikiuliza anasema ameanguka. Mtu gani anaanguka kila siku kwa magoti mawili pamoja? Nikimbana ananipita kwa upole kama anavyompita Posta na trei ya chai.

Nimelifikiria lile jibu lake la mwezi wa tatu. Kaka, barua zako zote zinaniuliza mimi kuhusu yeye. Punje anasemaje, Punje anakula, mwambie Punje. Hakuna iliyoanza kwa jina lake. Mwandikie mwenyewe. Nitaiweka mezani bila kuifungua, na sitamsomea.

Mdogo wako


Kambini, 30 Juni

Mama yangu,

Ni mimi baba yako. Mwandiko wangu ni wa fundi, ukikwama mahali ruka uende mbele.

Shangazi yako ameniambia yaliyotokea. Usimkasirikie, nilimbana mwenyewe. Na mimi usinionee huruma ukanificha mambo. Mtu mzima akikosea aambiwe, ndivyo tunavyofanya hapa. Ukuta wa bwawa ukipinda kidogo na mtu akanyamaza kwa huruma, maji hayana huruma.

Nilikupima kwenye shati langu. Sijui nikuelezeje. Nikiwa huku kila ninapofikiria nyumbani naona kitu kimoja: wewe mlangoni umeshika suruali yangu. Nimeitazama picha hiyo mpaka nikaamini ndiyo wewe. Wewe ulikuwa unakua kila siku, na mimi kila siku nilikuwa narudia pale pale mlangoni. Halafu nikachukua msumeno nikakata chuma kwa hakika kabisa, na mtu aliponiuliza nikamjibu kwa kiburi. Wenzako walikucheka kwa ajili ya kiburi hicho. Ningekuwepo wangenicheka mimi.

Sasa kuna mambo siyajui na nakuuliza wewe, si Shangazi. Unapiga kwa mkono gani? Baba hajui mwanawe anatumia mkono gani, fikiria. Ukiunyoosha mkono wako juu unafika wapi? Je, hili jina la Punje bado unalitaka? Tulikupa ulipozaliwa kwa sababu ulikuwa mdogo kama punje ya mtama, mkunga alikushika kwa kiganja kimoja. Kama limekubana kama ile nguzo, niambie, nitaliacha.

Na ungependa nizifanyeje hizi nguzo mbili fupi? Wenzangu wanasema niziyeyushe. Sijaamua.

Kuhusu kuja. Ukuta umebaki sehemu ya juu tu. Nimemwambia msimamizi kwamba mvua zikikatika na barabara ikikauka ninaondoka, akikubali nitamshukuru, asipokubali nitamshukuru vilevile nikiwa njiani. Alitazama pembeni, hakusema kila mtu ana mtoto. Sikutajii tarehe. Najua tarehe zangu kwako hazina tena uzito.

Ukitaka kujibu, jibu. Usipotaka, mimi nitakuandikia tena, na nitaendelea kukuuliza.

Baba yako


Nyumbani, 21 Julai

Baba,

Shikamoo.

Umeniuliza, kwa hiyo najibu. Natumia mkono wa kushoto. Mwalimu wa darasa la pili alijaribu kunigeuza akachoka mwenyewe. Punje sitaki. Ukiniita mbele ya watu sitaitika. Ukiniita ndani ya nyumba nitafikiria.

Siku ile sikulia. Shangazi anadhani nililia chooni lakini nilikuwa naosha uso. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba baba yangu ni fundi na fundi hakosei kipimo.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata Shangazi alikuwa halijui. Kurudisha nguzo stoo ni kazi yangu, wengine lile tairi linawaburuta. Siku moja nilipofika nyuma ya stoo hakukuwa na mtu. Nikaisimamisha tena, nikapiga magoti. Nilitaka kuona tu. Mpira ukanifika hapa usoni, sawasawa kabisa. Nikaupiga, ukazunguka vizuri mpaka mwisho. Nikajua kumbe hukukosea. Nikipiga magoti ndiyo kimo changu cha siku uliyoondoka. Nilikaa hivyo kidogo. Nilitazama ukuta wa stoo jinsi ulivyo mrefu ukiwa hapo chini. Nilikuwa nimesahau.

Kisha yule rafiki yangu mwenye mdomo akanikuta. Akasema, "Unaomba mvua?" Nikamwambia piga magoti tuone. Akapiga, nikamshinda. Akasema rudia, nikamshinda tena. Kesho yake akaleta wengine. Sasa karibu darasa zima tunakuja tukimaliza kufagia, tunacheza kwa magoti, ukiinua goti lako umekosa. Kuna mwenzetu anayetembea kwa magongo. Zamani kipindi cha michezo kazi yake ilikuwa kutulindia masweta. Yeye anakaa chini kabisa, kisha anatushinda sote, kwa sababu mikono yake imezoea kumbeba. Akikupiga mpira huuoni, unausikia tu. Sasa masweta tunayatupa chini na hakuna anayeyalinda.

Nilimwambia Shangazi jana. Alikasirika kwa ajili ya sketi, akasema sabuni haishuki kutoka mbinguni. Halafu akaja nyuma ya stoo, akatazama, akavua viatu akapiga magoti mwenyewe. Nimemshinda pia. Anasema atalifanya kuwa somo, na mimi nimemwambia likiwa somo litaharibika, bado tunabishana.

Zile nguzo mbili fupi usiziyeyushe. Zilete. Watoto wa chekechea ni wengi na sisi wa magoti ni wengi.

Sijasema hasira imekwisha. Nimesema najibu. Shangazi anasema ni vizuri hukutaja tarehe, kwa sababu kila ulipotaja hukuja, kwa hiyo labda usipotaja utakuja.

Lakini magoti yanauma, Baba. Tunataka na nguzo moja ya kusimama. Umeniuliza mkono wangu ukinyooka unafika wapi. Hilo sikujibu. Nikiandika leo, barua ikikufikia itakuwa si kweli tena, na wewe ukishika msumeno husubiri. Usilikate bomba huko. Lilete zima lilivyo, refu, Posta atalifunga juu ya lori, mimi mwenyewe nimeshamwambia na amekubali kwa vikombe vitatu. Msumeno tutauazima kwa fundi wa madirisha. Utanisimamisha ukutani, nitanyoosha mkono wa kushoto, utapima hapa hapa nikiwa mbele yako, halafu ndiyo ukate.

Na usikawie sana. Bado narefuka.

Mwanao